Kuchagua Mahali pa Kutia Nanga Usiku: Mwongozo kwa Mashua Ndogo ya Tanga

Mahali palipotulia saa kumi jioni panaweza kuwa hapakaliki ifikapo saa tisa usiku, kwa kuwa kati ya saa hizo mbili upepo huweza kugeuka, maji hupwa, na mawimbi yaliyoanzia mbali huwasili bila kubisha hodi. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kulaza mashua ndogo ya tanga hana budi kujiuliza patakuwaje katika saa mbaya kuliko zote za usiku huo, badala ya kuvutiwa na jinsi panavyopendeza anapoingia.

Kazi huanza na utabiri wa hali ya hewa, kabla hata ya kukunjua ramani. Andika upepo unatarajiwa kutoka upande gani, na kwa nguvu gani, jioni, usiku wa manane na alfajiri. Ikiwa utavuma kutoka kusini-magharibi hadi usiku wa manane kisha uhamie kaskazini-magharibi, ghuba iliyo wazi upande wa kaskazini-magharibi haifai, hata kama sasa maji yake yametulia kama ya mtungini. Ukilala humo, ufuko uliokukinga jioni ndio ambao upepo utakusukumia gizani. Ni heri ghuba yenye usumbufu kidogo wakati wa kuingia, lakini imefumbwa upande ule ambao upepo utahamia.

Utabiri hausemi kila kitu kuhusu upepo wa karibu na nchi kavu. Usiku wa anga safi ardhi hupoa kuliko bahari, na umande, yaani upepo utokao bara, huanza kuvuma na kuigeuza mashua ielekeze omo yake, yaani sehemu ya mbele, nchi kavu. Kwa kawaida hauna madhara, kwani hukusukuma kuelekea bahari wazi. Lakini palipo na milima mirefu na bonde linaloteremka moja kwa moja hadi pwani, hewa baridi huweza kuporomoka kwa nguvu baada ya jua kutua, ikapita kabisa kiwango kilichotabiriwa. Magenge marefu nayo hudanganya: upepo huruka juu yake, kisha huanguka majini kwa vishindo kutoka pande zisizotarajiwa. Nchi tambarare yenye miti, ijapokuwa haionekani kuwa kinga ya maana, mara nyingi hutoa usingizi bora zaidi, kwa sababu huzuia mawimbi na kuacha upepo upite kwa mkondo ulionyooka. Mashua iliyoshikwa vizuri na nanga huvumilia upepo kuliko inavyovumilia mawimbi.

Mawimbi yanastahili kufikiriwa peke yake, kwa maana ndiyo yanayoharibu usiku mwingi ambao upepo haukuuharibu. Rasi huukata upepo, lakini mawimbi marefu yatokayo mbali hujipinda yanapofika kwenye maji ya kina kidogo, yakaizunguka rasi hiyo na kuingia ghubani. Mashua hufuata upepo, haifuati wimbi. Hivyo wimbi huipiga ubavuni, nayo huyumba kutoka upande hadi upande mpaka vikombe vianguke kabatini. Kabla ya kutia nanga tazama ufuko kwa darubini: mstari mweupe wa povu linalopasuka, au miamba iliyolowa juu sana ya usawa wa maji, ni ushahidi kwamba mawimbi yanaingia. Zitazame pia mashua zilizotangulia, kwa sababu milingoti inayopepesuka husema kweli hata pale ambapo uso wa maji unaonekana laini. Dawa ni kuingia ndani zaidi, nyuma ya rasi ya pili ikiwa ipo. Baadhi ya mabaharia hutia nanga ya pili kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, ili omo ielekee wimbi, na mbinu hiyo hufaa upepo ukiwa hafifu. Kwa maoni yangu haifai usiku ambao upepo unaweza kuongezeka, kwa sababu mashua iliyofungwa mbele na nyuma haiwezi kugeuka, na upepo wa ubavuni huzielemea nanga zote mbili.

Kisha chunguza kina, na hapa hesabu haikwepeki. Chukua mfano wa mashua yenye urefu wa mita 9, ambayo mkuku wake, yaani uti wa chini wa mashua, unashuka mita 1.6 chini ya uso wa maji. Unafika, unatia bildi, yaani kamba yenye timazi ya kupimia kina, au unasoma kipima kina, na unapata mita 4.5. Jedwali la maji linaonyesha kwamba saa hiyo maji yana kimo cha mita 3.1 (juu ya usawa wa sifuri wa jedwali, si kutoka sakafuni), yatajaa hadi mita 3.9, kisha yatapwa hadi mita 0.7 kabla ya alfajiri. Basi kina kitapungua kwa mita 2.4 na kubaki mita 2.1, maana yake ni kwamba chini ya mkuku kutakuwa na nusu mita tu. Wimbi dogo likipita, mkuku utagonga chini. Sogea penye mita 5.5 na utabakiwa na mita 1.5 maji yakipwa kabisa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kuliko siku za maji mafu, kwa hiyo hesabu ya juma lililopita haitumiki leo. Hakikisha pia unajua kama kipima kina chako kinapima kuanzia uso wa maji, kuanzia chini ya mkuku, au kuanzia pale kilipofungwa.

Urefu wa mnyororo hukokotolewa kwa maji yaliyojaa, si kwa yale uliyoyakuta. Penye mita 5.5 maji yatapanda hadi mita 6.3, ongeza mita 1.2 za kimo cha omo juu ya maji, upate mita 7.5. Kwa mnyororo mtupu wa chuma zidisha kwa 5, ambayo ni karibu mita 38. Kwa amari (kamba ya nanga) yenye mita chache za mnyororo mbele yake zidisha kwa 7. Ghuba yenye kina kirefu kiasi kwamba mnyororo wako hautoshi haikufai, hata kama imefumbwa pande zote.

Sakafu ya bahari ndiyo inayoamua kama nanga itashika. Ramani huonyesha aina yake kwa herufi: S ni mchanga, M ni matope, R ni mwamba, Co ni matumbawe, Wd ni mwani. Mchanga ulioshikamana, na vilevile matope mazito, hushika vizuri sana, ilhali matope mepesi huhitaji nanga yenye mabapa mapana. Mwani hudanganya, kwani nanga huweza kukamata fungu la majani ikaonekana imeshika, kisha upepo ukizidi ikang'oka na fungu hilo lote. Mwamba huweza kuishika nanga isitoke tena asubuhi, au kuiachia ghafla mashua inapogeuka. Matumbawe hayatiwi nanga: huvunjika, na huchukua miaka mingi kukua tena. Hali ni hiyo hiyo kwa nyasi za posidonia za Bahari ya Mediterania. Katika Visiwa vya Balearic vya Hispania, amri ya mwaka 2018 inakataza kutia nanga juu yake. Maji yakiwa angavu na jua likiwa juu, mchanga huonekana kama madoa ya rangi nyepesi kati ya madoa meusi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kufika mapema.

Pima nafasi kabla ya kuteremsha chochote. Mashua ya mfano wetu, ikiwa na mita 38 za mnyororo, itazunguka katika duara la nusu kipenyo cha karibu mita 47, na ndani ya duara hilo pasiwe na fungu la mchanga, boya, mtego wa samaki wala jirani. Zingatia kwamba jirani aliyetumia kamba, au mwenye katamarani (mashua ya viunzi viwili sambamba) isiyo na mkuku mrefu, hazunguki kama wewe. Aliyefika kwanza ndiye mwenye haki, anayefuata humpisha.

Teremsha nanga omo ikiwa imeelekea upepo na mashua imesimama, kisha ilegeze irudi nyuma taratibu huku ukilipa mnyororo. Ukishamaliza, rudisha mashua nyuma kwa injini, kwanza kwa nguvu ndogo, halafu uongeze. Weka kiganja juu ya mnyororo: ukihisi mtetemo na mikwaruzo, nanga inaburura; mnyororo ukikaza kimya na vitu viwili vya nchi kavu ulivyovipanga mstari mmoja, kama vile mti na paa la nyumba, visiachane, imeshika. Ikikataa mara ya tatu, usiendelee kubembeleza, hama. Nguvu ya upepo kwenye mashua huongezeka mara 4 kasi yake inapoongezeka mara 2, kwa hiyo nanga inayositasita kwa kilomita 25 kwa saa haitahimili 50.

Jua likitua washa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, kama inavyotakiwa na kanuni ya 30 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 kwa chombo kisichofika mita 50. Chombo kisichofika mita 7 husamehewa iwapo tu hakiko ndani au karibu na njia nyembamba, mkondo wa meli, bandari ya nanga au mahali ambapo vyombo vingine hupita kwa kawaida.

Limebaki swali la njia ya kutokea. Ghuba yenye mlango uliojaa miamba isiyo na taa inaweza kuwa na kinga kamili na bado isifai, ikiwa kuna uwezekano wowote wa kulazimika kuondoka usiku. Kungali mwanga, soma kwenye dira mwelekeo wa kutoka, uandike kwa herufi kubwa pamoja na umbali hadi maji ya wazi, na ukiweke kikaratasi hicho karibu na usukani. Weka pia king'ora cha nanga kwenye kifaa cha setilaiti (GPS), ukianzia pale nanga ilipoangukia na si pale mashua ilipo. Kikilia na alama za nchi kavu zikathibitisha kwamba unasogea, washa injini kwanza, ndipo uende omo.