Kubuni pombe ya ulimwengu wa kufikirika: anza na sukari, jina lije mwisho

Wabunifu wengi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambapo wachezaji husimulia hadithi pamoja kwa kurusha kete, huanza na jina. Wanaandika "Damu ya Zimwi", wanaongeza kwamba ni nyekundu na inachoma koo, kisha wanahamia kwenye mapanga. Wachezaji wanainywa usiku mmoja, wanacheka, wanaisahau. Pombe inayodumu ni ile ambayo msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, anaweza kueleza sukari yake imetoka wapi.

Bila sukari hakuna pombe. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi na gesi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita 1 huleta asilimia 1 ya alkoholi. Kilo 1 ya asali ndani ya lita 3 za maji hufika asilimia 12 au 13, kama hamira itaimaliza yote. Ikifika kati ya 14 na 18, hamira nyingi huzidiwa na alkoholi waliyoitengeneza wenyewe. Kwa hiyo ukitaka divai ya asilimia 30, eleza ilivyokolezwa.

Tafuta sukari kwenye ramani

Matunda, asali na utomvu wa miti vina sukari tayari. Nafaka na mizizi vina wanga, na hamira hawezi kuula mpaka uvunjwe. Kuna njia tatu za kuuvunja. Ya kwanza ni kimea: nafaka huloweshwa, huachwa iote, kisha hukaushwa, na hapo zinahitajika sakafu pana, siku kadhaa na kuni. Ya pili ni kutafuna, kwa sababu mate huvunja wanga. Amua nani anaruhusiwa kutafuna na utakuwa umepata mila nzima bila jasho. Ya tatu ni kuvu, kama wanavyofanya watengenezaji wa pombe ya mchele huko Japani.

Chukua watu wa mapangoni. Kila mtu huwapa "pombe ya uyoga", ilhali uyoga hauna sukari ya kutosha kulewesha hata panya. Geuza jambo hilo: kuvu wao ndio unaovunja wanga, lakini nafaka inatoka juu, kwa wakulima wanaowadharau. Sasa vita ikifunga njia ya mlimani, mapango yanakauka pombe ndani ya mwezi mmoja, na wazee wanakubali mazungumzo ambayo wangeyakataa wakiwa wameshiba.

Sheria nayo inasaidia. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua machungu ya kutia ladha) na maji tu. Hamira haikutajwa kwa kuwa hakuna aliyejua kazi yake. Mfalme wako naye anaweza kuzuia ngano isiingie kwenye pipa. Mara moja una magendo, wakaguzi na rushwa.

Ukali na umri

Kukeneka ni kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye 100, hivyo mvuke wa kwanza hubeba alkoholi nyingi zaidi. Lazima pawe na chungu kinachofunikwa, bomba, maji baridi na kuni. Wafugaji wanaohamahama kwenye nyika isiyo na miti watapata shida kuwa na kiwanda kikubwa cha aina hiyo. Wape maziwa yaliyochachuka. Watu wa barafuni wana njia nyingine: huacha pombe nje usiku, maji yakaganda kwanza, wakatoa barafu. Ila barafu haichukui uchafu mwingi, karibu wote unabaki kwenye kilichokolea, na kichwa cha asubuhi nacho kimekolezwa.

Kuhusu umri, hesabu inatosha. Pipa la mwaloni hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza, zaidi penye joto. Lita 200 baada ya miaka 12 hubaki 157 hivi. Hapo bei ya juu imejieleza. Pombe hafifu iliyoachwa wazi hugeuka siki, basi usimpe shujaa bia ya miaka mia kutoka kaburini, isipokuwa unataka ateme.

Ladha ambayo mchezaji ataisikia

Kosa kubwa hapa ni kulinganisha kitu cha kubuni na kingine cha kubuni. "Ina ladha ya tunda la mwezi" haimwambii mtu chochote. Tumia mambo matatu tu: harufu kabla ya kunywa, kinachotokea mdomoni, na kinachobaki. Mfano: "Inanuka majani mabichi yaliyolowa. Mdomoni ni chachu, halafu inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Mwisho kunabaki moshi." Sentensi tatu, sekunde kumi. Ukisoma aya nzima, meza italala. Usisahau ukakasi, ule ukavu wa chai iliyokaa sana. Waandishi wengi hukimbilia utamu na moto, pombe zao zote zikafanana.

Unaweza kuionjesha mezani bila kileo: chai nyeusi 250 ml iliyolowekwa dakika 10, asali vijiko vidogo 2, siki kijiko kidogo 1, na tangawizi iliyokunwa. Ukakasi unatoka kwenye chai. Tangawizi inashika nafasi ya mwasho wa pombe kali. Siki ikizidi, ongeza maji. Asali zaidi itafanya sharubati.

Kanuni ya mezani

Kopo la 500 ml la bia ya asilimia 5, bilauri ya 200 ml ya divai ya 12 na kikombe cha 60 ml cha pombe kali ya 40 vyote vina alkoholi ya 24 au 25 ml. Kila kimoja kiwe "kipimo" kimoja, usihangaike na asilimia tena. Mhusika hubeba bila shida vipimo sawa na alama zake za ustahimilivu (1 hadi 5). Kila kipimo cha ziada, arushe kete ya pande 20 na apate angalau 10 jumlisha vipimo vilivyozidi. Akishindwa, apunguziwe alama 2 kwenye kila kazi ya mikono au busara mpaka alale. Jitu lenye uzito mara nne libebe mara nne.

Uchawi utie kwenye malighafi. Askari wa Xenophon, jemadari wa Ugiriki ya kale, walikula asali karibu na Trabzon, katika Uturuki ya leo, wakatapika na kushindwa kusimama. Nyuki wa huko hufyonza ua lenye sumu. Ua lako linaweza kuleta ndoto za wafu. Lakini gharama ilipwe usiku uleule. Pombe inayoongeza nguvu bure itanunuliwa kwa makreti kama dawa, na baa yako itageuka zahanati.

Kwa kila eneo pombe tatu zinatosha: ya kila siku, ya heshima, na ile ambayo watu hukana kuinywa. Bei ipime kwa kibarua: mshahara wa siku ununue makopo kumi ya ile ya kwanza, na bilauri moja tu ya ile ya pili. Ya tatu haina bei iliyoandikwa.

Ndipo uipe jina, tena majina mawili: moja la muuzaji, jingine la walevi. Divai ya watu wa barafuni muuzaji anaiita "Machozi ya Mfalme". Wanaoinywa wanaiita "Kesho".