Kupima mvutano wa gamba la neutrofili kwa pipeti ya kunyonya

Kanieneo inayotosha kuanza kuivuta neutrofili tulivu (aina ya seli nyeupe ya damu) ndani ya pipeti, yaani mrija mwembamba wa kioo, ni ndogo mno: takriban paskali 10, sawa na maji yenye kina cha milimita 1. Ndiyo maana vipimo vingi huharibika kabla seli haijaguswa.

Hatua ya 1. Chukua damu kidogo kwa mchangiaji aliyeridhia, uiweke kwenye chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) na uipime ndani ya saa chache. Tenga neutrofili bila kuzizungusha kwa kasi kubwa, kwa sababu seli iliyosumbuliwa, au iliyogusa kioo kitupu, huamka, hujenga nyuzi mpya za aktini (protini ya kiunzi cha seli) na kukakamaa. Hapo utakuwa unapima hasira yake. Paka albumini, protini inayozuia seli kugusa kioo kitupu, kwenye chemba (kijichombo cha kuwekea seli) na pipeti.

Hatua ya 2. Vuta kapilari ya kioo na uikate ncha ibaki na kipenyo cha ndani cha maikromita 5 hivi. Ncha iliyomeguka ovyo itupe.

Hatua ya 3. Unganisha pipeti na tangi dogo la maji linalopanda na kushuka kwa skrubu, uondoe kila povu la hewa mrijani. Sifuri haisomwi kwenye rula: tazama chembe ndogo mdomoni mwa pipeti, na zikiacha kuingia wala kutoka, umeipata. Irudie mara kwa mara, kwani hapa Dar es Salaam kiyoyozi hukausha maji ya chemba iliyo wazi, chumvi ikakolea na seli ikanywea, na umeme ukikatika joto hupanda na mnato wa seli hubadilika. Andika nyuzijoto kando ya kila kipimo.

Hatua ya 4. Shusha tangi taratibu mpaka sehemu ya seli iliyoingia iwe nusu tufe na itulie. Ikiendelea kutiririka, umepita kikomo. Mvutano wa gamba, yaani tabaka la nje la seli, ni P ÷ [2(1/Rp − 1/Rs)], ambapo P ni kanieneo, Rp nusukipenyo cha pipeti na Rs cha seli iliyobaki nje. Kwa paskali 10, maikromita 2.5 na 4.25, jibu ni mikronyutoni 30 hivi kwa mita.

Hatua ya 5. Kwa mnato, ongeza kanieneo hadi paskali mia kadhaa na urekodi video ya seli ikiingia yote. Tarajia paskali-sekunde 100 au zaidi, yaani angalau mara laki moja ya maji. Seli ikivutwa kwa nguvu zaidi huonekana nyepesi zaidi, hivyo usiripoti mnato bila kutaja kanieneo uliyotumia.