Jinsi ya kufuatilia pesa za SGR na mwendokasi kwenye ripoti za CAG

Kila Aprili ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wa Tanzania zikifika bungeni, mitandao hujaa tarakimu za matrilioni, na wiki mbili baadaye hakuna anayeuliza tena. Kinachofuata hapa ni kwa anayetaka kushikilia mradi mmoja wa usafiri, kama reli ya kisasa (SGR) au mabasi ya mwendokasi, na kuufuatilia mwaka hadi mwaka. Tumia kompyuta, kwa sababu majedwali ya ripoti hizi hayasomeki kwenye simu.

1. Shusha ripoti zote zinazohusika

Zipo nao.go.tz. Kwa ibara ya 143 ya Katiba, CAG humkabidhi Rais, naye huagiza ziwasilishwe bungeni. Ripoti ya Aprili inahusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 30 ya mwaka uliotangulia, hivyo hali unayoisoma ina umri wa miezi tisa au zaidi.

Usiridhike na kitabu kimoja. Mambo ya TRC (Shirika la Reli Tanzania) huwa kwenye ripoti ya Mashirika ya Umma, mikopo kwenye Serikali Kuu, na fedha za wafadhili kwenye Miradi ya Maendeleo. Mwendokasi umetawanyika zaidi: barabara na vituo hujengwa na TANROADS (wakala wa barabara), huduma inasimamiwa na DART (wakala wa mabasi hayo). Ukisoma upande mmoja utamlaumu asiyehusika.

2. Tafuta kwa majina yote

"SGR", "reli ya kisasa", "TRC", "Shirika la Reli", pamoja na jina la mkandarasi.

3. Usidanganywe na hati safi

Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba bei ilikuwa nzuri wala kwamba kazi ilifanyika kwa wakati. Taasisi inaweza kupata hati safi na kurasa chache mbele ikatajwa kwa malipo yenye hoja nzito. Nenda moja kwa moja kwenye hoja, yaani kasoro alizoziandika mkaguzi.

4. Tafuta gharama kwa kilomita, na hapa usiwe na haraka

Hapa ndipo karibu kila mjadala wa SGR unapoharibika, kwa sababu watu hugawanya namba mbili zisizoendana.

Anza na kilomita. Kipande cha Dar es Salaam–Morogoro hutajwa kuwa kilomita 300, lakini njia kuu ni 205. Zile 95 ni njia za kupishana na za stesheni. Mkataba ulitangazwa kwa takriban dola bilioni 1.2. Ukigawa kwa 300 unapata dola milioni 4 kwa kilomita. Ukigawa kwa 205 unapata karibu milioni 5.9. Morogoro–Makutupora ni vivyo hivyo: 422 kwa jumla, 336 njia kuu. Kwa Mombasa–Nairobi ya Kenya, namba inayozoeleka ni 472, nayo ni njia kuu peke yake. Pamoja na njia za pembeni inafika 609. Kwa hiyo anayelinganisha 300 ya Tanzania na 472 ya Kenya ameshapotea kabla hajafika kwenye pesa. Mimi hutumia njia kuu pande zote mbili, na kuandika hivyo juu ya jedwali.

Kisha angalia kilichomo ndani ya bei. Shilingi bilioni 327 za Kenya zilijumuisha vichwa na mabehewa, na treni zake ni za dizeli. Reli ya Tanzania ni ya umeme, lakini treni za Hyundai Rotem zilinunuliwa kwa mkataba mwingine, na laini ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira ilijengwa na TANESCO, shirika la umeme. Gharama hiyo huikuti kwenye mkataba wa mkandarasi wa reli. Tengeneza safu tofauti: ujenzi, treni, umeme, mhandisi mshauri, fidia ya ardhi. Safu usiyo na namba yake iache wazi, usikadirie.

Mwisho, sarafu na kodi. Usibadilishe mkataba wa dola wa 2017 kwa kiwango cha leo. Tumia kiwango cha Benki Kuu cha siku ya kusaini kwa bei ya mkataba, na cha siku ya malipo kwa kila malipo. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,240 mwaka 2017. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita 2,500. Hapo peke yake "ongezeko" la zaidi ya asilimia 10 linajitokeza bila mkandarasi kuongezewa hata dola moja. Hakikisha pia kama bei ina VAT. Asilimia 18 ya trilioni si kitu cha kupuuza.

5. Tenga sababu za nyongeza

Mabadiliko ya kazi, nyongeza ya muda, na riba ya malipo yaliyochelewa ni mambo matatu tofauti, na wa kuulizwa ni tofauti. Riba ndiyo inayouma zaidi kwa sababu hainunui hata taruma moja. Chini ya masharti ya FIDIC ya 1999 (mkataba wa mfano wa kimataifa wa ujenzi), mwajiri ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai ya mkandarasi. Zikipita, riba inaanza na hujikusanya kila mwezi. Ukikuta riba kwenye ripoti, anza na tarehe Hazina ilipotoa fedha, halafu ndipo umgeukie msimamizi wa mradi.

6. Rudi nyuma miaka mitatu

Fungua kiambatisho cha utekelezaji wa mapendekezo. Pendekezo la mradi wako lililoandikwa "utekelezaji unaendelea" mara tatu mfululizo lina uzito kuliko hoja mpya. Soma majibu ya menejimenti neno kwa neno: je, yametaja tarehe?

7. Omba kinachokosekana

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Ya Kenya ni siku 21. Usiombe "taarifa za mradi". Omba hati fulani ya malipo, kwa namba yake na mwezi wake, na utaje ukurasa wa ripoti ya CAG ulioitaja. Nakala mpelekee katibu wa PAC (kamati ya Bunge ya hesabu za serikali) kabla kamati haijaanza kuwahoji maofisa masuuli, yaani wakuu wa taasisi wanaowajibika kwa fedha.