Somo: Pasi inayong'ang'ania nguo, isafishe hivi

Ijumaa moja, kama saa nne asubuhi, nilikuwa na kanzu nyeupe ya mteja mezani. Nikapitisha pasi mara moja tu, kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Ilipopita iliacha mchirizi wa kahawia, mithili ya chai iliyomwagika. Nikaigeuza pasi nikaangalia uso wake: utando mweusi kwenye ncha, unanata kama gundi. Jana yake usiku nilikuwa nimenyoosha sketi za shule za poliesta kwa moto wa pamba, kwa sababu nilikuwa na haraka. Nyuzi ziliyeyuka kidogo kidogo, zikaganda, zikamsubiri mwenye kanzu.

Nanyoosha nguo za watu kibandani, Tanga, miaka kadhaa sasa, na pasi ninazoletewa kwamba "zimekufa" nyingi hazijafa. Ni chafu, au waya wake umekatika shingoni. Mambo hayo mawili unaweza kuyazuia mwenyewe nyumbani.

Kwanza, ujue uso wa pasi yako

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anasikia "sugua na chumvi", anasugua, kumbe pasi yake ni ya teflon, ameimaliza.

Uso mweusi au wa kijivu usiong'aa, ukidondoshea tone la maji pasi ikiwa baridi linateleza: hiyo ni teflon, kama kikaango kisichoshika. Unaong'aa mpaka unajiona sura: chuma kisichoshika kutu. Mweupe uliofifia, na pasi yenyewe nyepesi: alumini. Ulio laini kama sahani ya udongo, mara nyingi una rangi: seramiki.

Teflon na seramiki hazitaki kitu cha kukwaruza. Usiguse kwa stili waya, msasa, kisu wala chumvi. Mikwaruzo ikishaingia, uchafu unapata pa kujishika na utakuwa unasafisha kila wiki.

Kusafisha teflon na seramiki

1. Chomoa plagi, acha pasi ibaki na uvuguvugu tu, uweze kuigusa bila kuruka.
2. Lowesha kitambaa kwa siki nyeupe, kikamue kisichuruzike, kitandaze, uilaze pasi juu yake kama nusu saa. Uchafu utalainika.
3. Sugua kwa dodoki laini na tone la sabuni ya maji ya vyombo. Usiitumbukize pasi kwenye karai! Nasema kwa sababu nimewahi kuletewa iliyotumbukizwa.
4. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, kisha nyoosha kitambaa cheupe cha zamani mpaka kisitoke alama.

Kusafisha chuma na alumini

Hizi ni ngumu, unaweza kuzibana kidogo. Tandaza kitambaa kinene cha pamba, mwagia kiganja kimoja cha chumvi laini, washa pasi moto wa juu bila mvuke, kisha ipitishe juu ya chumvi huku na huku kama unanyoosha. Utaona chumvi inageuka rangi ya majivu. Ikung'ute, weka nyingine, rudia. Zima, na ikibaki na joto kiasi chukua mshumaa uliozungushiwa kitambaa, sugua uso mzima, halafu futa nta yote. Futa kweli, kwa sababu nta iliyobaki itahamia kwenye nguo. Ncha na kingo ndizo zinazosahaulika.

Kama ni nailoni au mfuko wa plastiki uliogandia, dawa yake ni nyingine. Fungua dirisha, washa moto mdogo mpaka plastiki ilegee, chomoa, kisha ikwangue kwa mwiko wa mti. Mti hauachi mkwaruzo, na wenyewe ukiungua hasara ni ndogo.

Pasi ya mvuke na chokaa ya maji

Ikianza kutema maji ya kahawia au punje nyeupe, ni chokaa. Maji magumu yakichemka yanaiacha ndani, inaziba matundu. Kama pasi ina kitufe cha kujisafisha, jaza maji mpaka kwenye alama, weka moto wa juu mpaka taa izime, chomoa, ishike juu ya karai na ubonyeze huku ukiitikisa taratibu. Vaa kitu mkononi, mvuke ule hauna urafiki. Rudia mpaka maji yatoke safi.

Isiyo na kitufe, wengi wanatia siki na maji nusu kwa nusu, wanaiacha itoe mvuke dakika tano, kisha wanasuuza kwa maji matupu mara mbili. Ila soma kijitabu chake kwanza. Wapo watengenezaji wanaokataza siki, kwa kuwa inakula mipira na utando wa ndani. Matundu ya nje nayo yasafishe kwa pamba za masikio. Usichokonoe na sindano.

Ukimaliza kunyoosha, mwaga maji yaliyobaki. Kila siku, wala si mwisho wa mwezi.

Moto na mpangilio wa nguo

Kwenye swichi ya moto, doti moja ni ya nailoni na satini, mbili ni poliesta na sufu, tatu ni pamba na kitani. Anza na za doti moja kisha panda juu, usianze na tatu ukashuka. Pasi inapata moto upesi lakini inapoa taratibu, kwa hiyo ukishusha swichi kutoka pamba kwenda poliesta, uso bado una moto wa pamba. Ndivyo nilivyoipoteza kanzu ile.

Nguo uliyotia dondo iache wanga uingie kwanza, na uinyooshe kwa ndani. Ukipitisha pasi juu ya wanga mbichi utautengenezea ugali chini ya pasi.

Waya

Usiizungushie pasi waya ikiwa bado na moto. Ngoja ipoe, hata nusu saa, kisha uzungushe kwa mikunjo mipana isiyobana. Waya unapoingia kwenye mpini ndipo unapokatika, kwa sababu ndipo unapopindwa kila siku. Ukiona pasi inawaka ukishika waya hivi na inazima ukishika vile, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba uliyoiviringisha. Pasi ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9, waya ule unaiva.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Tabora:* Kaka, nimeona watu wanasugua pasi ya moto na kidonge cha parasetamoli. Ni kweli kinasafisha?

Kinasafisha dada yangu, sikatai. Kidonge kinayeyuka kwenye joto la nyuzi 170 hivi na kinaondoka na masizi. Lakini uko sentimita moja kutoka kwenye pasi inayounguza, na moshi wake unakaba koo. Nilijaribu mara moja, nikarudi kwenye chumvi na mshumaa. Ukiamua, shika kidonge kwa koleo na ukae penye hewa.

*Mwanachuo, Dodoma:* Shikamoo mjomba. Pasi yangu ina plagi ya miguu miwili ya mviringo, naifungulia soketi kwa kalamu. Nikigusa chuma inanitekenya. Ni kawaida?

Marahaba mwanangu. Si kawaida, iache leo. Soketi zetu zina tundu la tatu la juu, la ardhi. Kalamu unayoisukumia pale inafungua njia tu, haiunganishi ardhi. Umeme ukivuja ndani ya pasi unakosa pa kwenda, unakuja kwako, na ukiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji hautakutekenya tena, utakushika. Mpelekee fundi umeme apime kama inavuja, kisha akufungie plagi ya miguu mitatu, yenye fyuzi ya ampea 13, na waya wa ardhi uunganishwe kweli. Na kwa maji ya huko yenye chumvichumvi, kama ni ya mvuke, usiyatie hivyo hivyo. Ukichemsha, chokaa kiasi inabaki kwenye birika na unachukua ya juu, ila chumvi yenyewe haiondoki kwa kuchemsha.

*Mwenzetu wa Mombasa:* Naweza kutia maji ya betri kwenye pasi ya mvuke?

Hapo angalia sana ndugu yangu. Dukani jina "maji ya betri" linatumika kwa vitu viwili: maji yaliyotoneshwa ya kuongezea, na tindikali yenyewe. La pili litakuunguza macho na mapafu. Soma chupa, usiulize jina tu. Hata yale ya kutoneshwa, baadhi ya vijitabu vinataka uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba, yakiwa matupu pasi nyingine zinatematema.

*Bibi wa Rombo:* Sisi bado tunatumia ya mkaa. Inashika kutu, nifanyeje?

Shikamoo bibi. Kutu inaletwa na majivu. Yakilala ndani yanavuta unyevu usiku kucha. Yamwage pasi ikipoa, ufute ndani kwa kitambaa kikavu. Uso upitishe msasa laini, kisha upashe moto na kuusugulia jani la mgomba. Hilo najua hunihitaji nikufundishe. Ila usinyooshe ndani mlango ukiwa umefungwa, gesi ya mkaa haina harufu ya kukuonya.

*Mama wa Tabora tena:* Na ikiwa inaunguza kila nguo hata nikiweka doti moja?

Sikiliza mlio. Pasi nzima inalia "tik" inapofika kwenye moto uliouchagua, taa inazima. Kama hailii wala taa haizimi, kidhibiti joto kimegandana. Chomoa, peleka kwa fundi. Usiitumie kwa kuchomoa na kuchomeka, kuna siku utaitwa nje na jirani.

*Mwenzetu wa Mombasa:* Na yule wa kanzu?

Nilimnunulia mpya. Ile yenye mchirizi aliniachia, nikaikata vipande. Ndiyo ninayofutia pasi mpaka leo.