Somo: Kufua kikombe cha kidushi kwa fedha

Kidushi ni baraka ambayo Wayahudi huisoma juu ya kikombe cha mvinyo jioni ya Ijumaa, Sabato inapoingia, na vilevile katika sikukuu zao. Msingi wake ni amri ya Kutoka 20:8, "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase", ambayo wanazuoni wa Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mijadala ya marabi, waliifafanua kwamba siku hiyo hukumbukwa juu ya mvinyo. Amri yenyewe haikitaji kikombe, lakini sheria iliyofuata imekiwekea masharti mengi, na nimeandika somo hili kwa sababu masonara wengi wanaojaribu kazi hii huanzia kwenye nakshi za mizabibu na nyota, kisha hujikuta wamefua chombo cha kupendeza ambacho hakifai kwa baraka. Umbo la kikombe hiki hutokana na sheria yake, kwa hiyo nyundo itasubiri kidogo.

Hatua ya kwanza: kipimo

Kikombe sharti kichukue angalau reviiti moja, kipimo cha kale ambacho wanazuoni hukihesabu kuwa sawa na ujazo wa yai moja na nusu. Katika karne ya 20 walihitilafiana kuhusu ukubwa wake kwa vipimo vya leo: Rabi Avraham Chaim Naeh wa Yerusalemu aliuweka katika mililita 86, ilhali mwanazuoni wa Bnei Brak anayejulikana kwa jina la kitabu chake, Chazon Ish, aliuinua hadi takriban mililita 150. Ushauri wangu ni kuvuka kiwango cha juu, ili mwenye kikombe asilazimike kuuliza fundi wake alifuata rai ya nani.

Jambo la pili ni mkono. Talmudi, katika mlango wa Berakhoti, inasema kwamba kikombe cha baraka huoshwa ndani na nje, hujazwa, hupokewa kwa mikono miwili kisha hubakishwa katika mkono wa kuume, na huinuliwa kiasi cha upana wa kiganja kutoka mezani huku msomaji akikitazama. Wafuasi wa Kabala, elimu ya siri za kiroho ya Kiyahudi, wakaongeza desturi ya kukikalisha juu ya kiganja, vidole vitano vikiwa vimesimama kukizunguka. Fikiria basi mzee wa miaka themanini anayesimama na chombo kilichojaa hadi ukingoni, na kitambaa cheupe kimetandikwa chini yake. Kitako chembamba kitayumba, na kitako kipana mno vidole havitakifikia.

Kwa hesabu hizo mimi hupendelea kikombe kisicho na mguu, chenye kimo cha sentimita 7, mdomo wa sentimita 7 na kitako cha sentimita 5. Ukitoa unene wa kuta, kinachukua takriban mililita 180.

Hatua ya pili: bamba

Tumia bamba la fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, lenye unene wa milimita 1. Kipenyo cha duara la kukata hupatikana kwa kujumlisha kimo cha kikombe na wastani wa upana wake: 7 na 6, yaani sentimita 13. Duara hilo lina uzito wa karibu gramu 137. Likate, lainisha ukingo kwa tupa, kisha tafuta kitovu chake na uchore kwa bikari duara la kitako. Usikifute kitovu hicho hadi mwisho wa kazi, kwa kuwa kila kipimo kitatoka hapo.

Hatua ya tatu: kuinua kuta

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina njia ya mkato. Kwanza lipashe bamba moto ili lilainike. Punguza mwanga wa karakana, kwa sababu kwenye jua huwezi kuiona rangi unayoitafuta. Fedha ikifikia wekundu hafifu wa nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi, ondoa moto, ngoja wekundu upotee, kisha itumbukize majini. Ukizidisha moto hadi karibu nyuzi 800, fedha ya 925 huanza kuyeyuka na kazi yako yote itaharibika.

Baada ya hapo bamba huingia katika asidi ya salfa iliyozimuliwa, ili kuondoa ukoko mweusi. Daima mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na utumie koleo la shaba. Koleo la chuma likigusa asidi iliyokwisha kutumika, shaba iliyoyeyuka humo hujipaka juu ya fedha, na chombo chako hutoka chekundu.

Sasa lilaze bamba juu ya fuawe kwa mshazari, mstari wa kitako ukiwa kwenye ncha ya fuawe, na upige kwa nyundo juu kidogo ya mguso huo, mahali ambapo chini ya bamba kuna uwazi. Pigo linalotua kwenye uwazi huisukuma fedha ndani; pigo linalotua moja kwa moja juu ya fuawe huitandaza na kuipunguza unene. Utalitambua kosa kwa sikio kabla ya jicho, kwa kuwa pigo sahihi lina mlio mzito na pigo la kutandaza hulia kwa ukali. Zungusha bamba kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ufike ukingoni. Hapo fedha imekuwa ngumu, nayo inataka moto tena kabla ya kuanza upya kutoka kitakoni. Usihesabu mizunguko, kazi imekamilika pale vipimo vinapotimia.

Kila unapofika ukingoni, geuza nyundo na uupige ukingo wenyewe kutoka juu, polepole, ili unenepe. Mwishowe mdomo utakuwa na unene wa karibu milimita 2 bila kuongezewa waya wala lehemu. Mimi huutambua ufundi wa mtu hapa kuliko kwenye nakshi yake, kwa kuwa mdomo mnene hauumizi midomo, haupindi ukianguka, na mvinyo uliojaa hausambai.

Kuta zikisimama, zipige tena juu ya fuawe iliyong'arishwa kwa nyundo yenye uso laini kama kioo, kila pigo likigusa la jirani. Kisha jaza maji yaliyopimwa. Yakiwa chini ya mililita 150, rudi kazini kabla hujaendelea.

Hatua ya nne: kitako

Kitako husukumwa ndani kidogo ili kikombe kisimame kwa ukingo wa nje peke yake. Ukitaka kuongeza pete ya chini, iunganishe kwa lehemu ya fedha pamoja na boraksi, chumvi inayoisaidia lehemu kutiririka na kushika. Lehemu ya risasi haifai kwa chombo cha kunywea, na lehemu ya fedha yenye kadimiamu uikatae kabisa, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwako hata kabla kikombe hakijamfikia mnywaji.

Hatua ya tano: nakshi na maandishi

Jaza kikombe ulimbo wa masonara, ambao huyeyuka kwa moto na kuganda ukipoa, ugande, ndipo uanze kuchonga, ili kuta zisibonyee. Mitindo ni mingi. Katika Augsburg ya karne ya 18 vikombe vingi vya kidushi vilifuliwa na mafundi Wakristo, kwa kuwa vyama vya mafundi havikuwapokea Wayahudi, nao walivichonga kwa mtindo uleule wa bilauri za mabwana zao. Nchini Yemen hali ilikuwa kinyume: ufuaji wa fedha ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Wayahudi, ambao waliwatengenezea Waislamu vito na mapambo ya majambia. Masonara wao waliohamia Yerusalemu walifanya kazi katika shule ya sanaa ya Bezalel, iliyoanzishwa na Boris Schatz mwaka 1906 na kupewa jina la Bezaleli, fundi anayetajwa katika Kutoka 31, wakaingiza huko kazi yao ya nyuzi nyembamba za fedha zilizosukwa na punje ndogo zilizolehemiwa. Baadaye Ludwig Wolpert, mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Bezalel, aliondoa mapambo karibu yote na kuzifanya herufi za Kiebrania zenyewe kuwa pambo. Mimi niko upande wake. Mstari mmoja wa herufi zilizochongwa vizuri unatosha.

Maneno yanayochaguliwa mara nyingi ni ya amri ya Sabato au "bore peri hagafen", yaani muumba wa tunda la mzabibu. Usichonge Jina la Mungu lenye herufi nne, kwa maana kitu chenye Jina hilo hakiruhusiwi kufutwa wala kuharibiwa, na kikombe huweza kubonyea au kuyeyushwa. Mpe msomaji wa Kiebrania akague mchoro kabla hujagusa fedha; herufi kadhaa hutofautiana kwa kona moja tu, na mstari huanzia kulia.

Hatua ya sita: kumaliza

Yeyusha ulimbo, safisha, ng'arisha. Ndani unaweza kupaka dhahabu, kwani ni desturi ya zamani na huikinga fedha na asidi ya mvinyo. Usipake vanishi ndani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Unguja): Assalamu alaykum, fundi. Bibi ameniachia riale za Maria Theresa. Je, naweza kuziyeyusha nikafua kikombe cha namna hii?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Inawezekana, na masonara wa Yemen walifanya hivyo kwa kazi zao. Riale moja ina gramu 28 za fedha yenye usafi wa 833, kwa hiyo sita zitakupa gramu 168, zinazotosha bamba letu na masalio yake. Usafi huo ni wa chini ya 925, lakini vikombe vya Augsburg vilikuwa na takriban 812 na vya Urusi 875, navyo vipo hadi leo. Hata hivyo, riale za bibi mimi nisingeziyeyusha. Bamba linanunulika, urithi haununuliki.

Swali (Mombasa): Mwalimu, mimi ni Mwislamu na mteja wangu ni Myahudi. Je, kikombe nilichofua mimi atakikubali?

Jibu: Atakikubali. Chombo cha metali cha kulia au kunywea kilichotengenezwa na asiye Myahudi hutumbukizwa kwanza katika maji ya mikve, yaani birika la utakaso la Kiyahudi, kwa msingi wa kitabu cha Hesabu, sura ya 31, kisha hutumika. Kazi hiyo ni ya mteja. Wewe hakikisha hakuna ulimbo, nta au karatasi ya bei iliyobaki juu yake, kwa sababu maji sharti yaguse kila mahali.

Swali (Mbale, Uganda): Shalom. Kwetu Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, fedha ni ghali, na mara nyingine hatuna mvinyo. Tufanyeje?

Jibu: Shalom, dada. Bilauri ya kioo iliyo nzima na inayotimiza kipimo inafaa bila shaka, na juisi ya zabibu inakubalika. Fedha ni namna ya kuipamba amri, haiwi sharti la kuitimiza. Kikombe cha karatasi cha kutupwa ndicho kilichozua mjadala: Rabi Moshe Feinstein alikikataa kwa kidushi ikiwa kingine kinapatikana.

Swali (Nairobi): Kikombe cha familia kimepasuka kitakoni, ila hakivuji. Je, kiendelee kutumika?

Jibu: Kwa kidushi kiwekwe kando, mzee wangu, kwa kuwa kikombe cha baraka hutakiwa kiwe kizima hata kitakoni. Lakini usikitupe. Ufa wa kitako hulehemiwa kwa dakika chache, mradi fundi aondoe kwanza risasi yoyote ya matengenezo ya zamani, kwa sababu risasi ikipata moto wa lehemu ya fedha huila fedha na kutoboa tundu.