Must, should, can: naandika mara moja, sirudii

Wakuu, mugonile. Kila wiki inbox swali lilelile: hizi must, should na can za Kiingereza zinatumikaje? Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

Hatua ya 1: Acha kutafsiri neno kwa neno. Jiulize unasema nini: uwezo, ruhusa, ushauri, lazima, au unakisia tu.

Hatua ya 2: Can na wenzake hawavai kitu, na kitenzi kinachofuata nacho hakivai kitu. "She can cook." Sio "cans", sio "can to cook".

Hatua ya 3: Uwezo, can. Ruhusa, can pia. May ukitaka heshima.

Hatua ya 4: Ushauri, should.

Hatua ya 5: Lazima. Hapa tulieni. Must na have to zinakaribiana, balaa liko kwenye kukanusha. Nilipoanza kupeleka wageni Ziwa Ngosi, lile la juu mlimani huku Mbeya, mama mmoja mtu mzima aliokota fimbo. Nikamwambia "You must not take a stick", nikimaanisha si lazima, njia imekauka. Akaitupa kama kaa la moto. Kumbe msituni tope halikuwa limekauka. Aliserereka mara tatu, na kila akiinuka ananiuliza kwa nini fimbo zimepigwa marufuku. Basi: "must not" ni MARUFUKU. "Si lazima" ni "don't have to". Na "nililazimika" ni "I had to". Musted haipo, msiitafute.

MASWALI

— Kwa hiyo must not ndiyo si lazima?
— Hatua ya 5. Soma polepole.

— Umekosea mkuu. Ticha wetu alisema ruhusa ni may tu.
— Sijakosea. Kwenye mtihani mwandikie ticha anachotaka. Waingereza wenyewe wanaomba kwa can kila siku.

— Kaka, samahani. Tukisema "lazima atakuwa ameshafika Uyole" hatumlazimishi mtu. Nayo ni must?
— Dada, hilo ndilo swali! Ndiyo: "She must have reached Uyole." Unakisia ukiwa na sababu. Ila "alilazimika kwenda Uyole" ni "She had to go". Ukikisia kwa kukanusha, must not iache, tumia can't: umeona gari lake Mwanjelwa, unasema "She can't be in Uyole." Na ile -nge- yetu, ningekuja, mara nyingi ni would.

— Nje ya mada: Ngosi sasa hivi kunapandika?
— Kunapandika. Vaa viatu vyenye meno, anza asubuhi kabla ukungu haujafunika ziwa.

— Na fimbo?
— Beba. Hata mbili.