Jinsi ya Kuomba Msaada wa Zimamoto kwa Namba 114 Jijini Dar es Salaam

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea taarifa za dharura kwa namba 114, ambayo hupigwa bila malipo. Kabla ya kupiga, tokeni nje nyote, kwa kuwa mazungumzo huchukua muda na moshi huua haraka kuliko moto wenyewe.

Simu ikipokelewa, taja mahali kwanza, kabla ya kueleza jambo lingine lolote, ili hata ikikatika, gari liwe na pa kuelekea. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kusema “Mbagala” au “Manzese” pekee hakutoshi, na “jirani na duka la Mangi” humsaidia mwenyeji tu. Anza na wilaya, kisha kata na mtaa, pamoja na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi ikiwa kipo. Halafu ongeza alama isiyo na utata, kama kituo cha daladala, shule au msikiti unaojulikana kwa jina, na ueleze mtu huingilia wapi akitokea barabara kuu. Nawasihi wenye nyumba wawaandikie wapangaji maelezo haya na kuyabandika ukutani, maana hofu humsahaulisha mtu hata jina la mtaa wake.

Pili, eleza kinachoungua, kama ni nyumba ya kuishi, ghala au ghorofa. Kama kuna watu walionaswa. Na kama ndani kuna mitungi ya gesi au mafuta. Jibu kila swali kwa utulivu wala usikate simu mpaka uruhusiwe, kwa sababu majibu yako ndiyo yanayomwezesha askari wa zamu kujua atume vifaa gani.

Tatu, tuma mtu akalipokee gari barabarani; dereva wa bodaboda anafaa sana, kwani anazijua njia. Katika maeneo kama Tandale, ambako vichochoro vingi havipitishi gari kubwa, sema mapema gari linaweza kufika hadi wapi, na waombeni majirani waondoe magari na meza za biashara zilizoziba njia.

Moto ukizimika kabla askari hawajafika, piga tena 114 uwaarifu, kisha wao ndio waamue kama waendelee kuja kukagua.